Hizo nanomita si za rula

Mwezi wa kwanza watengenezaji wa chipu hupanda jukwaani Las Vegas, katikati ya mwaka wanakwenda Taipei, na kila mara swali lilelile linatua Kariakoo: "Kaka, hii laptopu ni nanomita ngapi? Au nisubiri ile ya mbili?" Muuzaji anataja namba, mteja anatoa hela. Namba hiyo haikupima kitu chochote ndani ya mashine aliyobeba.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, lakini jina "nanomita 3" la kizazi cha teknolojia ya kutengeneza chipu halitokani na sehemu yoyote ya chipu yenye upana huo. Chukua Intel 4, kizazi kimoja cha kampuni ya Intel, ambacho vipimo vyake viliwasilishwa Honolulu Juni 2022 kwenye mkutano wa wataalamu wa chipu uitwao VLSI. Chipu imejaa transista, yaani swichi ndogo sana, na lango ndilo huiwasha na kuizima kila moja. Kutoka lango moja la transista hadi la jirani yake ni nanomita 50. Nyaya zake nyembamba kabisa zimepishana nanomita 30, kati kwa kati. Hiyo 4 ukiitafuta kwa darubini ya elektroni hutaiona, kwa sababu ni jina la biashara. Zamani haikuwa hivi: hadi katikati ya miaka ya 1990 jina la kizazi na urefu wa lango vilikuwa vinalingana. Baadaye vikaachana, tena kwa upande ambao watu hawautarajii. Mwaka 2000 Intel yenyewe iliwasilisha teknolojia ya nanomita 130 yenye transista za nanomita 70, yaani jina lilikuwa kubwa kuliko kitu.

Julai 2021 Intel ilichukua teknolojia iliyokuwa ikiitwa nanomita 10, toleo lake lililoboreshwa, ikaiita Intel 7. Transista zilikuwa zilezile za toleo hilo. Wengi waliita huo utapeli, mimi sikubaliani nao. Ile 10 ya Intel ilikadiriwa kubeba transista karibu milioni 100 kwa milimita moja ya mraba, karibu sawa na 7 ya TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu. Ikiwa wote wanatumia majina yasiyopima kitu, mwenye namba kubwa ndiye alikuwa anaumia sokoni bure.

"Basi tulinganishe msongamano wa transista," wanasema wajuzi kidogo. Ni afadhali, lakini hapo pia nina mashaka, na mashaka haya vitabu vinayaruka. Kanuni ambayo Intel iliipendekeza 2017 inachanganya aina mbili za saketi za mantiki, moja kwa uzito wa asilimia 60 na nyingine 40, na kumbukumbu ya ndani, yaani kashe, inabaki nje ya hesabu. Kumbe kashe inakula eneo kubwa la prosesa (chipu kuu za kompyuta) za leo, na ndiyo iliyogoma kupungua. Seli moja ya kashe, yaani chumba cha kuhifadhi biti moja, kwenye 5 ya TSMC ilikuwa maikromita za mraba 0.021. Kwenye toleo la 3 liitwalo N3E ni 0.021 ileile. Kwa hiyo mtu akikuambia kizazi kipya "kimesongamana zaidi kwa asilimia kadhaa", muulize: sehemu gani ya chipu?

Halafu kuna suala la kutangazwa. Kinachoonyeshwa kwenye IEDM, mkutano wa watafiti wa vifaa vya kielektroniki wa San Francisco mwezi Desemba, mara nyingi ni transista za maabara. IBM ilitangaza chipu ya nanomita 2 Mei 2021, ikiwa kazi ya utafiti. Kutoka hapo hadi dukani kuna kazi ya kupata chipu nzima za kutosha kwenye kila sahani ya silikoni, na hapo ndipo mipango hufia. Nanomita 10 ya Intel ilitarajiwa karibu 2016, ikaja kwa wingi 2019: walitaka kuongeza msongamano mara 2.7 kwa mkupuo mmoja huku wakichora kwa mwanga wa nanomita 193, mistari ikipitishwa hatua nyingi za kurudia, na kila hatua inaongeza nafasi ya kasoro. Intel 20A, kizazi kingine cha Intel, iliondolewa kwenye mpango wa bidhaa Septemba 2024 baada ya kutajwa jukwaani kwa miaka mitatu. Usiahirishe kununua kwa sababu ya slaidi.

Sasa mashine zilizojaa Dar, za mtumba. Prosesa ya Intel Core i7-7500U ina kori (vitengo vya kufanya hesabu) 2. Core i5-8250U, ya mwaka uliofuata, ina kori 4. Zote ni nanomita 14 na zote ni wati 15. Kwenye kazi nzito i5 inaiacha i7 mbali, na i5 hiyo imo kwenye orodha rasmi ya Windows 11 wakati ile i7 haimo. Nanomita ingekusaidia nini hapo?

Ukiwa dukani, omba chaja yake na meza isiyo chini ya kiyoyozi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, soma idadi ya kori, kisha endesha kazi inayotumia kori zote kwa dakika 15 ukiangalia kasi. Kwa 8250U, kasi itaanza juu, si zaidi ya 3.4 GHz, halafu itashuka na kutulia. Huko ni kawaida. Ikishuka chini ya 1.6, kuna shida: vumbi kwenye mapezi ya hitisinki (chuma cha kutoa joto), pesti ya kupitisha joto iliyokauka, feni iliyochoka, au chaja ambayo laptopu haiitambui, maana baadhi hujipunguza kasi makusudi zikipewa chaja ngeni. Badili chaja kwanza kabla hujamruhusu fundi afungue.

Joto letu lina hesabu yake. Prosesa nyingi za laptopu zinajizuia zikifika nyuzi 100, na kinachosukuma joto litoke ni tofauti kati ya chipu na hewa inayoingia. Hewa ya nyuzi 32 inakupunguzia nafasi hiyo kuliko ya 20 iliyotumika kwenye majaribio mengi unayosoma. Core i7-1255U imeandikwa wati 15 lakini inaruhusiwa kupanda hadi 55 kwa muda mfupi. Ndani ya boksi jembamba lenye feni moja, hapa Februari, huo muda unakuwa mfupi kweli. Kagua pia RAM: kijiti kimoja badala ya viwili kinatumia nusu ya njia ya data, na uchoraji wa picha kwenye skrini mara nyingi hutegemea njia hiyohiyo.