Madaraka si Uhuru

Kila tarehe 1 Juni simu hujaa picha za bendera zenye maandishi "Heri ya Siku ya Uhuru". Redioni utamsikia mtangazaji akisema leo ndiyo siku tuliyomfungisha mkoloni virago. Mwaka huu nimeyasikia maneno hayo kwa mwalimu akiwaeleza watoto wa Gredi ya 4, na watoto wakayaandika daftarini. Nikaona heri niandike.

Siku ya Madaraka ni ukumbusho wa 1 Juni 1963, Kenya ilipopata serikali ya ndani. Wakenya walichagua Bunge, Bunge likatoa Waziri Mkuu na mawaziri, na hao wakaanza kuendesha mambo ya nyumbani. Ulinzi na mambo ya nje vilibaki kwa Gavana wa Mwingereza. Uhuru ulikuja 12 Desemba 1963. Maana ni hiyo, wala haina ugumu. Ugumu ni kuzitenganisha siku hizi mbili, na hapo ndipo nataka kukaa kidogo.

Jina lenyewe lingetosha kutuongoza. Daraka ni jukumu, kazi mtu aliyokabidhiwa aiendeshe na aijibie. Asili yake ni Kiarabu, kama ilivyo kwa uhuru na jamhuri. Umoja wake hausikiki sana siku hizi. Tumezoea wingi, tukisema fulani ana madaraka, au madaraka yamemlevya. Lakini hata humo maana ya kukabidhiwa ingalipo. Mwaka 1972 Tanzania ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na shughuli nyingi zilizokuwa zikiamuliwa Dar es Salaam zikashushwa mikoani na wilayani. Hakuna aliyelisikia jina hilo akadhani Mwanza imejitenga na Tanzania. Ilieleweka kwamba mwenye kutoa bado yupo, na aliyepewa ana wa kumjibu.

Sasa itazame 1 Juni 1963 yenyewe. Ilikuwa Jumamosi. Uchaguzi ulikuwa umefanyika Mei, chama cha KANU kikakishinda chama cha KADU cha Ronald Ngala, na Jomo Kenyatta, ambaye hata miaka miwili haikuwa imetimia tangu aachiliwe kutoka kizuizini Agosti 1961, akawa Waziri Mkuu. Oginga Odinga akapewa Mambo ya Ndani, Tom Mboya Sheria na Katiba, James Gichuru Fedha. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, na sitaki mtu adhani naupunguza. Lakini mtafute Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ile. Humpati. Gavana alikuwa bado Malcolm MacDonald. Bendera iliyokuwa ikipepea Nairobi ilikuwa ya Uingereza. Huko Mombasa kulikuwa na bendera nyingine tena, nyekundu, ya Sultani wa Zanzibar, kwa sababu ukanda wa Pwani wa maili kumi ulihesabiwa bado kuwa milki yake, na Uingereza iliusimamia kwa mkataba.

Miezi sita iliyofuata ndiyo inayopotea tukiiita Juni uhuru, na ni miezi yenye mambo mazito. Siku nne tu baada ya Madaraka, tarehe 5 Juni, Kenyatta, Julius Nyerere wa Tanganyika na Milton Obote wa Uganda walikutana hapa Nairobi wakatia saini tamko la kukusudia kuunda Shirikisho la Afrika Mashariki kabla mwaka haujaisha. Wawili walitia saini kwa niaba ya nchi huru. Wa tatu aliongoza nchi ambayo bado ilikuwa koloni. Shirikisho halikuja, na sababu zake ni nyingi, lakini huwezi kuyaelewa mazungumzo yale ikiwa kichwani mwako wote watatu walikaa mezani wakiwa sawa.

Agosti, Uingereza na Somalia zilikutana Roma kuzungumzia eneo letu la kaskazini, ambako Wasomali wengi walitaka kuungana na ndugu zao wa Somalia. Aliyekutana na Somalia ni Uingereza, maana mambo ya nje ya Kenya yalikuwa bado mikononi mwake. Septemba viongozi wetu wakarudi London, Lancaster House, kwa mkutano wa tatu wa katiba, wakavutana hadi Oktoba juu ya katiba ya majimbo: KADU ikitaka mikoa ibaki na nguvu zake, KANU ikitaka zipunguzwe. Mimi huwauliza wanaobisha swali hili moja: ikiwa uhuru ulipatikana Juni, walirudi London Septemba kufuata nini?

Na Oktoba hiyohiyo ndipo suala la Mwambao lilipomalizwa. Sultani alikubali kuuachia ukanda wa Pwani uwe sehemu ya Kenya siku ya uhuru, na serikali ya Kenya ikaahidi kulinda dini ya Waislamu na mahakama zao za Kadhi. Mahakama hizo zimo kwenye Katiba yetu hadi leo. Watu wa Bara wanaoshangaa zilitoka wapi wangeanza kutafuta hapo, katika miezi ya kati ya Juni na Desemba. Ukiifuta miezi hiyo, unawafutia Wapwani sehemu ya historia yao, na wa Kaskazini vilevile.

Mama yangu alikuwa msichana mdogo mtaani Kaloleni, hapa Nairobi, mwaka huo. Nikimuuliza Juni ilikuwaje, anakumbuka majirani wamejaa kwenye nyumba ya mtu mmoja mwenye redio, wazee wakinyamazisha watoto. Nikimuuliza Desemba, sauti inabadilika. Anasema hawakulala. Anasimulia matope ya uwanja wa barabara ya Langata, watu wamekanyagana, taa zikazimwa usiku wa manane, na zilipowashwa bendera ya juu ilikuwa nyingine. Hajawahi kuzichanganya siku hizo mbili hata mara moja. Sisi tuliozaliwa baadaye ndio tunaozichanganya, kwa sababu zote zimetufikia zikiwa gwaride, hotuba na ndege zinazopita angani.

Kuna na kosa la upande wa pili, la wanaojua kwamba Juni haikuwa uhuru, kisha wakaiita nusu ya uhuru. Hilo pia silikubali. Serikali ya ndani ilikuwa hatua kamili yenye jina lake, na majirani wote waliipitia. Tanganyika ilipata madaraka 1 Mei 1961, miezi saba kabla ya uhuru wake. Uganda ikapata 1 Machi 1962. Zanzibar ikapata 24 Juni 1963, wiki tatu na ushei baada yetu, ikawa huru 10 Desemba, siku mbili kabla yetu. Majirani hawaiadhimishi hatua hiyo. Kenya imeipa siku yake na gwaride lake. Mimi naona tumefanya vyema. Ni siku ya kukumbuka kwamba mtu wetu aliketi kwenye kiti cha kuamua habari za shule, kodi na mahakama, na kuanzia hapo mambo yakiharibika lawama ilikuwa na anwani ya nyumbani. Ukiiita uhuru, umeipokonya maana hiyo.

Desemba nako kuna mchanganyo wake. Tarehe 12 Desemba ina matukio mawili yaliyoachana kwa mwaka mzima. Mwaka 1963 ilikuwa uhuru. Lakini uhuru ule ulikuja na Malkia Elizabeth II akiwa bado mkuu wa nchi, na MacDonald akabadilishwa cheo tu, akawa Gavana Mkuu. Jamhuri ilitangazwa 12 Desemba 1964, Kenyatta akawa Rais. Mama ana kopo la biskuti ambamo huweka vifungo, na chini kabisa mna sarafu ya senti 10 ya Afrika Mashariki, ya shaba, yenye tundu katikati. Upande mmoja pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Upande wa pili kuna taji na jina la Malkia kwa herufi kubwa. Hela za namna hiyo ndizo watu waliendelea kununulia mkate baada ya Madaraka na baada ya uhuru pia. Shilingi ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1966.

Jambo jingine linalochanganywa ni siku ya taifa na sikukuu ya mapumziko. Kifungu cha 9 cha Katiba ya 2010 kinataja siku za taifa tatu tu: Madaraka 1 Juni, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba. Kila siku ya taifa ni sikukuu, lakini si kila sikukuu ni siku ya taifa. Krismasi, Idi ul-Fitr na Leba Dei ni sikukuu tu. Ndiyo maana 10 Oktoba iliwasumbua watu. Siku ya Moi haikutajwa katika Katiba mpya, wengi wakadhani imekufa, hadi mwaka 2017 Mahakama Kuu iliposema bado imo kwenye sheria ya sikukuu. Jina limebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na sasa ni Siku ya Mazingira. Tena 1 Juni ikiangukia Jumapili, mapumziko yanahamia Jumatatu, na utasikia watu wakisema Madaraka mwaka huu ni tarehe 2. Hapana. Madaraka haihami, kinachohama ni ruhusa ya kutokwenda kazini.

Tarehe yenyewe ina wapangaji wengine. Umoja wa Mataifa umeifanya Siku ya Wazazi Duniani tangu 2012, na shirika lake la chakula, FAO, lilikuwa limeshaifanya Siku ya Maziwa Duniani tangu 2001. Visiwa vya Samoa husherehekea uhuru wao siku hiyohiyo ingawa waliupata 1 Januari 1962; wao wanajua tarehe ya tukio na tarehe ya sherehe si lazima ziwe moja, na hawazichanganyi. Hapa kwetu, treni ya Madaraka Express ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi 1 Juni 2017, na jina lake likatoka huko. Na Nairobi tuna mitaa mitatu yenye majina haya: Madaraka kule karibu na Uwanja wa Nyayo, Uhuru upande wa Eastlands, Jamhuri kando ya barabara ya Ngong. Ukimwambia makanga unashuka Uhuru kisha akakuteremsha Madaraka, utalalamika, na utakuwa na haki.

Kosa la mwisho ni la hesabu, nalo hunaswa kwa urahisi kwenye mabango. Juni 2023, sherehe ya taifa ilipofanyika Embu, Madaraka ilikuwa imetimiza miaka 60, lakini niliona mabango mjini yakiupongeza uhuru kwa miaka hiyo 60. Uhuru siku hiyo ulikuwa na miaka 59 na miezi kadhaa. Ulitimiza 60 Desemba 2023, na jamhuri ikatimiza yake Desemba 2024. Kwa hiyo mnaochapisha mabango, kadi na salamu za Juni, tafadhali andikeni miaka ya Madaraka. Hesabu ya uhuru ingojeeni Desemba, na mkiifanya, kumbukeni kwamba ya jamhuri iko nyuma kwa mwaka mmoja.