POST: ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijaguswa

"Inawaka lakini haileti kitu." Fundi akiambiwa hivyo bado hajaambiwa mengi, maana kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Hupitia hatua kadhaa, moja ikimaliza inamwachia mwenzake, na inaweza kukwama popote katikati. Hatua inayostahili kujulikana kuliko zote inaitwa POST.

POST ni ukaguzi ambao kompyuta hujifanyia yenyewe kila inapowashwa. Programu inayoufanya haikai kwenye diski pamoja na Windows yako. Imo kwenye chipu ndogo ya pekee iliyo juu ya ubao mama, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Kwenye mashine za zamani huitwa BIOS, kwenye za miaka ya karibuni ni UEFI, ingawa mafundi wanazidi kusema BIOS kwa zote mbili na wanaelewana. Utaratibu huu ulikuwepo tangu IBM PC ya mwaka 1981: mashine ilijipima RAM yake (kumbukumbu ya muda), ikiona mambo shwari ikatoa mlio mmoja mfupi, ndipo ikaenda kutafuta diski.

Ukibonyeza swichi, pawasaplai hutoa umeme wa volti 12, 5 na 3.3, kisha huujulisha ubao mama kwamba umeme umetulia. Taarifa hiyo isipofika, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haianzi kazi, hata kama feni inavuma na taa za mbele zinang'aa. Kwa hiyo feni kuzunguka inathibitisha kwamba kuna umeme kiasi, basi. Prosesa ikishaamka husoma maelekezo ya BIOS, ikakagua RAM, kadi ya picha na kibodi. Mwisho kabisa ndipo inaulizia diski yenye mfumo endeshi, yaani Windows.

Sasa angalia kioo. Ukiona nembo ya Dell, HP au Lenovo, au ukibonyeza F2 au Delete na BIOS ikafunguka, ukaguzi umepita kwa sehemu kubwa, na mara nyingi tatizo liko mbele: diski, waya wake, au Windows yenyewe. Kioo kikiwa cheusi tii tangu unawasha, na una hakika monita na waya wake ni wazima, kwa kawaida tatizo liko kwenye vifaa. Hapo kupiga Windows upya hakusaidii chochote, na bado kuna watu wanalipishwa kazi hiyo. Mashine haijafika hata kwenye diski. Windows mpya itasaidia nini?

Kwenye kompyuta za mezani zilizokaa sana, hasa mitumba iliyokwisha kula vumbi, mtuhumiwa wa kwanza ni RAM. Mara nyingi haijafa, ila meno yake yameota uchafu. Chomoa waya wa umeme ukutani, halafu shikilia swichi ya kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kitu kingine. Sukuma vibanio vya pembeni, RAM itainuka. Yasugue taratibu meno ya rangi ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli, pangusa vumbi la ufutio, kisha irudishe ukiikandamiza mpaka vibanio vijifunge kwa mlio. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Ila kama ni mashine mpya yenye RAM ya DDR5 na umeibadilisha leo, usiwe na haraka: mara ya kwanza inaweza kukaa na kioo cheusi dakika kadhaa ikijipanga.

Ukaguzi ukigonga mwamba, mashine nyingi husema. Nyingine hulia: mlio mrefu mmoja na mifupi miwili, kwenye mashine nyingi za zamani, ni lawama kwa kadi ya picha. Lakini kila mtengenezaji ana hesabu yake, kwa hiyo tafuta maana kwa modeli yako, usiazime ya jirani. Nyingine hupepesa taa ya swichi. Ubao mama nyingi za kisasa zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuwashia). Ile inayobaki imewaka ndiyo hatua iliyokwama.

Kuna na kisa cha betri ya CR2032, ile bapa ya volti 3. Ikiisha, saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma, BIOS inasahau mipangilio na kukutaka ubonyeze F1 kila asubuhi, na hata ukiingia, tovuti zinagoma kufunguka kwa sababu tarehe haiendani na vyeti vyake vya usalama. Ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa humo ndani.

Ukaguzi ukipita na bado unaambiwa hakuna diski ya kuwashia, kwanza chomoa flashi uliyoisahau nyuma. Kisha ingia BIOS utazame kama diski imeorodheshwa. Haimo? Kaza waya wake au ijaribu kwenye mashine nyingine. Imo? Mashaka yahamie kwa Windows, lakini usifute kitu kwanza. Washa kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, uchague kuijaribu bila kuiweka. Ikienda vizuri, RAM na prosesa zina dalili nzuri, na unaweza kunakili picha na nyaraka zako kwenda diski ya nje. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, haitafunguka mpaka uwe na funguo yake ya tarakimu 48, na kwa wengi funguo hiyo imehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Diski inayogonga "tik, tik" usiiwashe-washe kuijaribu; kila jaribio linaweza kuondoka na mafaili mengine.