Uchakavu wa gari forodhani: maana yake kwa anayeagiza gari la spoti

Forodhani, uchakavu hauhusu kutu wala injini iliyochoka. Ni umri tu. Gari dogo la abiria lililotumika, likiwa na miaka 8 hadi 10 tangu litengenezwe, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huliongezea ushuru wa bidhaa wa asilimia 15. Likivuka 10, asilimia 30. Lililotunzwa kama yai na lililochoka kabisa hulipishwa kiwango kilekile.

Walioagiza Toyota IST wanaujua vizuri. Lakini kwenye gari la spoti adimu unauma zaidi, kwa sababu yanayosakwa ni ya zamani. Chukua Nissan Skyline GT-R R34, injini cc 2,568, iliyotengenezwa kati ya 1999 na 2002. Hakuna hata moja inayokwepa asilimia 30.

Tuseme CIF, yaani bei ya gari, bima na usafiri hadi bandari ya Dar es Salaam, ni shilingi milioni 100. Ushuru wa forodha, asilimia 25, ni milioni 25. Sasa msingi ni milioni 125. Juu yake unaweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, milioni 12.5, na uchakavu, milioni 37.5. Jumla 175, ndipo VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 inapigwa: milioni 31.5. Umelipa milioni 106.5, na tozo ndogo za forodha, reli na usajili bado. Bila uchakavu ingekuwa 62.25. Tofauti ni milioni 44.25, si 37.5, maana VAT hutozwa juu ya uchakavu wenyewe. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu.

Marekani umri hufanya kinyume. Gari lisilofuata viwango vyao vya usalama huruhusiwa kuingia likitimiza miaka 25, na hesabu huanzia mwezi lilipotengenezwa. GT-R R34 za kwanza zilitimiza umri huo 2024. Wamarekani wakipandisha dau minadani Japani, CIF yako inapanda, na kila asilimia hapo juu inapanda nayo.

Kwa hiyo anayeagiza, tuseme akiwa Dodoma, apige hesabu kabla ya kutuma hela. Anza na kikokotoo cha magari kwenye tovuti ya TRA. Gari adimu huenda lisiwemo. Mwombe wakala wa forodha mwenye leseni apate makadirio ya TRA kwanza, na utunze invoisi pamoja na risiti ya benki. Soma vizuri cheti cha Japani cha kusafirisha gari: tarehe yake ni ya usajili wa kwanza, ambayo inaweza kuwa ya baadaye kuliko mwaka wa kutengenezwa. Linganisha na namba ya chesisi. Ya R34 GT-R huanza na BNR34. Bajeti iwe pia na lori la kubebea magari kutoka Dar, kilomita kama 450, kwani gari la chini hivyo litakwaruza kila tuta la Morogoro hadi Gairo.