Thrashi si takataka

Juzi nimelisikia tena kosa lile, safari hii redioni. Mtangazaji alisema bendi ya Metallica hupiga "trashi metali", yaani metali ya takataka, na kwamba wenyewe ndio waliojipa jina hilo kwa sababu muziki wao ni fujo. Nimeshasikia tafsiri hiyo kwa watu wengi mno kuweza kunyamaza.

Thrashi ni tawi la hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa, lililochipuka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980: kasi kubwa, gitaa linalochapwa huku kiganja kikibana nyuzi zisivume, ngoma za miguu zinazokimbia, na sauti ya kufoka. Kwa maana, hiyo inatosha.

Sasa neno lenyewe. Kwa Kiingereza, thrash na thresh zamani lilikuwa neno moja, na maana yake ni kupura. Ndiyo, kupura huku huku kwa mpunga: unautandika mganda kwa fimbo mpaka punje ziachane na suke. Kutoka hapo ikaja maana ya kumchapa mtu, kisha ya kujirusharusha mwili huku na huku. Takataka ni trash, bila h ya kwanza, neno lenye asili nyingine kabisa. Hayana udugu.

Mfaransa au Mjerumani akiyachanganya namwelewa, maana lugha yake haina sauti hiyo. Sisi tunayo. Anayesema themanini bila kujikwaa anaweza kusema thrashi. Tena hasara ya kuipoteza tunaijua: ukigeuza thamani kuwa samani, umeacha kuzungumzia bei, uko kwenye viti na makabati.

Na kujipa jina? Hapana. Metallica walianza Los Angeles mwaka 1981, baada ya Lars Ulrich, kijana wa Kidenmaki aliyepiga ngoma, kutoa tangazo gazetini na James Hetfield, mpiga gitaa na mwimbaji, akalijibu. Kanda yao moja ya majaribio ya 1982 hadi leo hujulikana kama Power Metal, ishara kwamba neno thrashi lilikuwa bado halijashika. Mapema 1983 walihamia eneo la San Francisco kwa sababu Cliff Burton, mpiga besi waliyemtaka sana, hakukubali kujiunga nao mpaka wamfuate kwao. Julai mwaka huo wakatoa albamu ya kwanza, Kill 'Em All, ambayo leo kila mtu huiita thrashi. Neno lilikuja nyuma yake: mwaka 1984 bendi ya Anthrax ya New York ilitoa wimbo Metal Thrashing Mad, na Malcolm Dome, mwandishi wa jarida la Uingereza la Kerrang!, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuuita muziki huo thrashi magazetini. Alikuwa akizungumzia wimbo huo wa Anthrax. Kwa hiyo jina limetokana na kuchapa, na limetoka kwa bendi nyingine.

Wala si kila wimbo wa Metallica ni thrashi. Albamu yao ya 1991, ile yenye jalada jeusi, imepunguza mwendo makusudi na nyimbo zimefupishwa. Hiyo ni hevi metali, na ni nzuri, ila kasi ya kupura haimo.

Ndugu mtangazaji, kipindi chako nakipenda na nitaendelea kukisikiliza. Siku ukiucheza wimbo wao Master of Puppets wa mwaka 1986, usikilize mkono wa kulia wa Hetfield: unapiga nyuzi kwa kushuka, unashuka tena, unashuka tena, kama fimbo juu ya mganda. Kisha uutaje kwa th ya thamani.