Pumzi ya Mwanamieleka: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Anayekimbia kilomita nyingi hawezi kuishiwa pumzi mkekani.

Mkimbiaji hodari anaposhikwa kola kwa mara ya kwanza, mara nyingi huwa hoi kabla ya dakika ya pili kumalizika, naye hushangaa kwa kuwa asubuhi ile ile alikimbia saa nzima bila kutweta. Mtazame kwa karibu uone sababu: mabega yamepanda hadi masikioni, vidole vimeng'ang'ania kitambaa hata vifundo vyake vimebadilika rangi, na kila anaposukumwa hufumba mdomo na kuzuia pumzi. Mapafu anayo, ila anatumia nguvu zake zote kwa kila jambo, hata lile lisilohitaji nguvu. Mieleka, judo na jujitsu ni michezo ya mashambulizi makali ya sekunde chache, yanayofuatwa na vipindi vya kubana, kuzuia na kusikilizia mpinzani anataka kwenda wapi. Mwili uliozoea mwendo mmoja tu haujafunzwa hayo.

Hata hivyo, wale waliosikia maelezo hayo wakahitimisha kwamba kukimbia hakuna faida wamepotea kwa upande wa pili, na mimi huona kosa lao kuwa kubwa zaidi. Mwili una njia tatu za kupata nishati: akiba ya papo kwa papo iliyomo ndani ya misuli, ambayo hutosha takriban sekunde 10 za nguvu kamili, uvunjaji wa sukari usiongoja oksijeni, ambao hubeba sehemu kubwa ya kazi kali ya dakika moja hivi, na uchomaji wa polepole wa wanga na mafuta kwa msaada wa oksijeni. Akiba ile ya kwanza, ikishatumika, hujazwa upya kwa kutegemea njia ya tatu. Ndiyo maana mtu mwenye moyo uliojengwa kwa mazoezi marefu ya wastani hurudi katika hali yake upesi kati ya shambulio moja na jingine, ilhali mwenzake bado anahema. Dakika 30 hadi 40 za kukimbia, kuendesha baiskeli au kuruka kamba, kwa kasi inayomruhusu mtu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, zikifanywa mara mbili kwa wiki ni msingi wa kutosha kwa wengi.

Dhana: Dakika nne za zoezi la Tabata zinamaliza kazi yote.

Utafiti uliolipa zoezi hilo jina ulichapishwa mwaka 1996 na Izumi Tabata na wenzake nchini Japani. Washiriki waliendesha baiskeli ya maabara kwa sekunde 20 na kupumzika sekunde 10, mara saba au nane, kwa nguvu iliyokaribia asilimia 170 ya ile inayotosha kuufikisha mwili kwenye kilele cha matumizi ya oksijeni. Huo ni ukali ambao pushapu na kurukaruka sebuleni haviufikii. Tena walifanya hivyo siku nne kwa wiki, na siku ya tano waliongeza dakika 30 za mwendo wa wastani, jambo ambalo wanaolitaja zoezi hilo kwa shauku karibu wote huliacha.

Ni afadhali kupima zoezi kwa umbo la pambano lenyewe. Mieleka ya watu wazima huwa na vipindi viwili vya dakika 3 vyenye mapumziko ya sekunde 30. Judo huchukua dakika 4, na ikiwa mshindi hajapatikana huendelea bila kikomo cha muda hadi apatikane. Katika jujitsu ya Kibrazili, mashindano makubwa huwapa watu wazima wa mkanda mweupe dakika 5 na wa mkanda mweusi dakika 10. Basi mwanamieleka anaweza kunyanyua gunia la mchanga kwa kasi kwa sekunde 15, kisha akatambaa au kuzunguka kwa utulivu kwa sekunde 45, mpaka dakika 3 zitimie. Apumzike nusu dakika, kisha arudie.

Dhana: Vyuma humfanya mchezaji awe mgumu na mzito.

Aleksandr Karelin wa Urusi, bingwa wa Olimpiki mwaka 1988, 1992 na 1996, alijulikana kwa kuwanyanyua kutoka mkekani wapinzani wa uzito wa juu waliolala kifudifudi na kuwarusha. Nguvu nyingi kiasi hicho hazikumfanya awe mgumu, na hapo hoja ya ugumu inaishia. Uzito nao huongezeka kwa kula kuliko mahitaji ya mwili, wala si kwa kuinua chuma mara tano tano siku mbili za wiki.

Dhana: Mshiko hujengwa kwa kuminya mpira.

Msuli unaokazwa kwa nguvu bila kulegezwa huibana mishipa iliyo ndani yake, damu ikapita kwa shida, mkono ukafura na vidole vikafunguka vyenyewe. Zoezi linalofanana na hali hiyo ni la taulo nzito: itupe juu ya chuma cha kujivutia, shika ncha zake mbili, ning'inia kwa sekunde 20, pumzika 40, rudia mara tano. Lakini nusu ya dawa ni ufundi wa kulegeza, yaani kukaza wakati wa kuvuta tu na kuuacha mkono upumue mara hatari inapopita.

Dhana: Jasho jingi ni mafuta yanayotoka.

Jasho ni maji. Upungufu wa maji unaofikia asilimia 2 ya uzito wa mwili unatosha kudhoofisha uwezo wa kuvumilia kazi, hasa penye joto, na mazoezi ndani ya nguo za plastiki huuziba mlango ambao mwili hutumia kujipoza. Mwishoni mwa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki wakijaribu kupunguza uzito kwa haraka, na baada ya hapo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kilipiga marufuku nguo hizo pamoja na vyumba vya joto kwa ajili hiyo. Kocha anayeendelea kuvipendekeza hana udhuru.

Dhana: Maumivu ya kesho yake ni asidi ya laktiki, na dawa yake ni kuongeza mazoezi.

Laktati, yaani asidi hiyo ilivyo ndani ya mwili, huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya kazi kali. Maumivu yanayofikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu hutokana na misuli iliyochubuliwa kwa kazi isiyozoeleka. Kwa hiyo dawa yake ni kuupa mwili nafasi ya kupona, si kuongeza kazi: hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na yakiwa juu ya kawaida yako kwa siku kadhaa mfululizo, siku hiyo fanya mbinu za taratibu na mwenza wako, gunia libaki ukutani.