Je, wajua kwa nini mtaalamu wa foleni alikabidhiwa chuo kikuu?

Tarehe 1 Julai 2023, Sunil Kumar, mzaliwa wa India, alianza kazi akiwa rais wa 14 wa Chuo Kikuu cha Tufts, kilichoanzishwa mwaka 1852 katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani. Aliyemtangulia, Anthony Monaco, alikuwa mtafiti wa jenetiki. Kumar alitokea katika shule za biashara, na utafiti wake ulihusu foleni, jambo linaloweza kumfanya msomaji aulize, tena kwa haki, foleni na uongozi wa chuo vinakutana wapi.

Tuanze na hesabu yenyewe. Fikiria dirisha moja la huduma ambalo watu hulifikia na kuhudumiwa kwa nyakati zisizotabirika. Ikiwa mhudumu ana shughuli kwa nusu ya muda wake, kwa wastani atakutwa mtu 1 tu pale dirishani, pamoja na anayehudumiwa. Shughuli zikifikia asilimia 90 ya muda wake, watakutwa watu 9, na zikifikia asilimia 95, watakutwa 19. Asilimia 5 tu za nyongeza zimezidisha msongamano zaidi ya maradufu. Mkuu anayefurahi kuona watumishi wake hawapati hata dakika moja ya kupumua huwa, bila kujua, anarefusha foleni mlangoni.

Madirisha yakiunganishwa, mambo huwa magumu zaidi. Mwaka 1990, P. R. Kumar, aliyekuja kuwa msimamizi wa Sunil katika masomo ya uzamivu, alichapisha pamoja na Thomas Seidman matokeo yaliyowashangaza wengi: mtandao wa vituo unaweza kuelemewa, na foleni zake zikakua bila kikomo, hata kama kila kituo kikipimwa peke yake kina uwezo wa kutosha. Tatizo huwa katika utaratibu wa kuchagua kazi ipi itangulie. Mwanafunzi aliyewahi kuzungushwa kutoka ofisi ya udahili hadi ya uhasibu, kisha idarani na kurudi alikoanzia, huku kila ofisi ikisema imetimiza wajibu wake, ataelewa jambo hili upesi kuliko mhandisi. Kwa maoni yangu, mtu aliyezoea kutazama mtandao mzima badala ya dirisha moja anakuja chuoni na maandalizi ambayo wengi wetu hatuyathamini ipasavyo.

Hata hivyo, nadharia peke yake haimpi mtu kiti. Baada ya shahada ya kwanza ya uhandisi huko Surathkal na uzamili huko Bangalore, yote nchini India, kisha uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani mwaka 1996, Sunil Kumar alifundisha shule ya biashara ya Stanford kwa miaka 14, na huko akapewa pia kusimamia programu ya uzamili wa biashara. Mwaka 2011 akawa amidi wa shule ya biashara ya Booth katika Chuo Kikuu cha Chicago. Nadhani hapa ndipo alipoiva. Amidi wa shule kubwa ya biashara nchini Marekani huendesha kitu kinachokaribia kuwa chuo kamili: hutafuta wanafunzi wanaowaniwa na shule nyingine, hupanga matumizi ya ada, huwashawishi wahitimu wa zamani wachangie, na huwashikilia maprofesa wasinyakuliwe na washindani.

Mwaka 2016 alihamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kushika nafasi inayolingana kwa karibu na ile ya naibu makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma. Alikuwapo mwaka 2018, wakati bilionea Michael Bloomberg alipokipa chuo hicho dola bilioni 1.8 za kuwasaidia wanafunzi kulipia masomo.

Huko Tufts alikutana na jambo lisilo na kanuni ya hesabu. Machi 2025, maofisa wa uhamiaji walimkamata mwanafunzi wa uzamivu kutoka Uturuki karibu na makazi yake na kumpeleka kizuizini Louisiana. Mwezi uliofuata, chuo kiliwasilisha mahakamani tamko lililotiwa saini na Kumar mwenyewe, likieleza kwamba mwanafunzi huyo alikuwa na hadhi njema chuoni na kuomba aachiwe bila kuchelewa, ili arudi kumalizia masomo yake. Aliachiwa mwezi Mei.