DNA kunata siyo DNA kujipanga

Picha yoyote ya DNA juu ya maika (lile jiwe la matabaka yenye uso bapa sana) ikisambaa lazima mtu aandike "ona zimejipanga zenyewe", na mara nyingi hapo hakuna kilichojipanga, zimenata tu.

Kujipanga kwa kifupi: molekuli zinaungana zinatoa umbo bila mtu kuzishika mojamoja, kwenye DNA besi (zile herufi zake nne, A, T, G na C) ndo zinaamua, A inamtafuta T, G inamtafuta C. Basi.

Sasa kunata. Maika ikilowa uso wake unakuwa na chaji hasi, na uti wa DNA umejaa fosfeti nao ni hasi, kwahiyo vinasukumana, ukitaka DNA itulie pale inabidi uweke ioni (chembe zenye chaji) za chaji chanya mbili kama magnesiamu zikae katikati zishike huku na huku. Nikeli inashika zaidi. Watu wanadhani ikishika sana ndo vizuri, kumbe ndo unaharibu, maana kipande cha DNA kikitua vibaya hakisogei wala hakigeuki kumfuata mwenzake, unabaki na vipande vimelala ovyo. Ndo maana wanaongeza sodiamu, hiyo ina chaji moja, inagombania nafasi na magnesiamu mpaka mshiko unalegea, vipande vinaanza kuteleza, vinagongana, vinaachana, vinarudiana, mwisho vinakaa kama vigae. Hapo sawa, sema vimejipanga juu ya maika.

Ila zile nyuso zinazotabasamu alizotengeneza mwanasayansi Paul Rothemund kwa DNA, 2006, msizitolee mfano hapa jamani. Ule ni uzi mmoja mrefu wa DNA ya kirusi cha M13, besi zaidi ya 7,000, umekunjwa na vipande vifupi zaidi ya 200, na kukunjwa kote kumefanyika ndani ya maji ya chumvi, wanachemsha halafu wanaacha ipoe. Maika imekuja baadaye, ya kulazia tu ili hadubini ione, maana kitu chenyewe upana wake ni kama nanomita 100.

DNA juu ya dhahabu nawaachia kidogo kuiita kujipanga. Pale wanafunga salfa kwenye ncha moja ya DNA, salfa inang'ang'ania dhahabu na molekuli zinajaza uso zenyewe, ingawa kazi hiyo kaifanya salfa, siyo besi, na besi nazo zinapenda kulalia dhahabu mpaka uweke mekaptoheksanoli (molekuli ndogo yenye salfa nayo) iziinue.

Kwahiyo kabla hujaandika "zimejipanga", angalia umbo limepatikana kabla ya kutua au baada ya kutua. Kama ni kabla, andika tu "zimetua", inatosha kabisa.